Wafarini, dawa mpya au aspirini: ipi ya kuzuia damu kuganda wakati moyo unapiga ovyo?

Swali huja namna hii. Mtu amepimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akaambiwa moyo wake haupigi sawasawa, na kwenye kadi daktari akaandika herufi mbili: AF, yaani atrial fibrillation, mapigo ya ovyo ya vyumba vya juu vya moyo. Anatoka kliniki na majina mawili ya dawa za kuzuia damu kuganda, aambiwe achague kulingana na mfuko wake. Njiani anakutana na jirani anayemwambia hayo yote ni kumaliza pesa, anunue tu aspirini ndogo ya miligramu 75, inatosha kwa "damu nzito". Akifika kwenye kaunta yetu hapa Nakuru ana dawa tatu kichwani na kitu kimoja tu cha kuzilinganisha, yaani bei. "Daktari, nipe ile ya bei nafuu." (Mimi ni mfamasia, lakini huku kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari. Nimeshazoea.)

Bei nitaifikia. Ila kuna swali linaloitangulia, na mara nyingi ndilo linaloamua mambo: valvu za moyo wako, ile milango ya kupitishia damu, ziko katika hali gani? Kama hujafanyiwa eko, ile picha ya moyo ya ultrasaundi, hakuna mtu wa kaunta anayeweza kukuambia kwa haki dawa ipi ni yako.

Mabonge ya aina mbili

Mshtuko wa moyo wa kawaida huanzia kwenye mishipa inayolisha msuli wa moyo. Mafuta hujijenga ukutani mwa mshipa kwa miaka, kisha siku moja utando uliofunika mafuta hayo unachanika. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu ambazo kazi yake ni kuziba vidonda, hukimbilia pale, hushikana, na bonge linaziba mshipa papo hapo. Damu ya mahali hapo hupita kwa kasi, na bonge lake hujengwa zaidi na chembe sahani. Aspirini inapigana na chembe hizo. Ndiyo sababu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo hupewa aspirini.

AF ni habari nyingine. Vyumba vya juu vya moyo havijikazi kusukuma damu, vinatetemeka tu. Damu inatuama, hasa ndani ya kifuko kidogo kilichojishika kwenye chumba cha juu cha kushoto, kama maji ya mtaro yaliyokosa mkondo. Bonge la humo hujengwa zaidi na nyuzi za fibrini, na hizo aspirini haizishughulikii sana. Likichomoka, safari yake mara nyingi huishia kwenye ubongo, na hicho ni kiharusi. AF huongeza hatari ya kiharusi karibu mara tano. Bonge hilo linaweza pia kushukia mguu au utumbo. Mara chache huingia kwenye mshipa wa moyo wenyewe, likaleta mshtuko wa moyo kwa mtu ambaye mishipa yake haina mafuta ya kutajika.

Mambo huenda kinyume pia. Mshtuko wa moyo unaweza kuanzisha AF, na unaweza kuanzisha mapigo mabaya zaidi kwenye vyumba vya chini, yale yanayomwangusha mtu na kumuua kwa dakika chache. Dawa za makala hii hazitibu hayo. Wala hazinyooshi mapigo ya AF. Za kupunguza mbio za moyo, kama bisoprololi, ni nyingine, na wengi humeza zote mbili. Nasema hivi kwa sababu kuna wanaoacha dawa ya kuzuia kuganda baada ya wiki mbili wakilalamika kwamba moyo bado unadunda vilevile. Ungeendelea kudunda hivyo hivyo hata dawa ikifanya kazi yake vizuri kabisa.

Si kila mwenye AF anahitaji dawa hizi. Daktari huhesabu vitu vinavyoongeza hatari: umri kuanzia miaka 65, presha, kisukari, moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, kiharusi cha zamani, ugonjwa wa mishipa. Aliye na valvu ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto) iliyobanwa kwa sababu ya homa ya rumatiki hahitaji hesabu hiyo. Akiwa na AF, dawa anahitaji.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza nimeshakitaja: valvu. Cha pili ni upimaji, yaani dawa inadai ufike maabara mara ngapi, na maabara iko umbali gani kutoka nyumbani. Cha tatu ni chakula na dawa nyingine unazomeza. Cha nne ni pesa, na hapa ninamaanisha pesa ya mwezi mzima pamoja na nauli, si bei ya kidonge. Halafu kuna kusahau: nini hutokea siku umelala bila kumeza? Mwisho, damu ikivuja, inazimwa vipi, na hospitali iliyo karibu nawe ina nini cha kuizimia?

Jambo moja ni la dawa zote tatu, kwa hiyo nalisema hapa mara moja. Dawa hizi zote huongeza hatari ya kuvuja damu. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, maumivu makali ya kichwa ya ghafla, au kugonga kichwa, kwa mfano ukianguka na boda, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo hata kama unajihisi mzima. Na ukienda zahanati yoyote kwa sababu ya mgongo, kataa ile sindano ya diklofenaki ya kwenye tako kabla haijavutwa kwenye bomba. Diklofenaki na brufeni huongeza uvujaji, na sindano ya msuli yenyewe inaweza kuacha uvimbe mkubwa wa damu ndani ya nyama.

Wafarini

*Kazi yake.* Huzuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Ni dawa ya zamani: iliingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikakubaliwa kutibu watu mwaka 1954, na mwaka 1955 rais wa Marekani, Dwight Eisenhower, akapewa baada ya mshtuko wa moyo. Kuna wateja waliosoma nusu ya habari hii kwenye simu wakaja kuniuliza kwa nini nawauzia sumu. Dozi ndiyo inayotenganisha mambo hayo mawili, na dozi ya wafarini hufuatiliwa kuliko ya dawa nyingine karibu zote.

*Valvu.* Hapa ndipo inaposhika usukani. Ukiwa na valvu ya kutengenezwa, ile wengi huiita ya chuma, dawa yako ni wafarini. Dabigatrani, mojawapo ya dawa mpya, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hiyo na jaribio likasimamishwa: waliopewa walipata mabonge mengi zaidi na kuvuja damu zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kwa valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, jibu zuri lilikuja mwaka 2022 katika utafiti uitwao INVICTUS, uliochukua wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye AF kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walikuwa wanawake, na wastani wa umri ulikuwa miaka 50 hivi. Watafiti walitarajia rivaroksabani, nayo ni dawa mpya, isishindwe na wafarini. Ilishindwa: waliotumia wafarini na dawa za ukoo wake walikufa wachache zaidi, na hawakuvuja damu zaidi.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu wagonjwa wale wanafanana na wetu. Mtoto anaumwa koo, koo halitibiwi vizuri, homa ya rumatiki inafuata, na miaka ishirini baadaye mama kijana anashindwa kupanda ngazi, eko ikionyesha valvu ya mitrali imebanwa. Ukanda wetu una wagonjwa kama huyo wengi. Ushauri unaoandikwa Ulaya kwa ajili ya wazee wenye presha haumhusu, na jamaa aliye ng'ambo anayemtumia pesa ya "dawa ya kisasa" kwa upendo anaweza kuwa anamnunulia ile isiyomfaa.

*Kupima.* Kipimo ni INR, namba inayoonyesha damu yako inachelewa kuganda kiasi gani. Asiyetumia dawa husoma karibu 1. Kwa AF lengo ni kati ya 2 na 3, na kwa valvu ya chuma iliyo mahali pa mitrali ni kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo bonge linaweza kujijenga, juu sana damu inaweza kuvuja. Mwanzoni utapimwa kila baada ya siku chache, baadaye kila wiki, na ukitulia karibu mara moja kwa mwezi. Kuna mashine ndogo inayotumia tone la kidole kama ile ya sukari, na jibu hutoka ukiwa bado umeketi. Mahali pengine hutolewa damu ya mkononi na jibu hurudi baadaye. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ina kliniki ya dawa hizi inayoendeshwa na wafamasia, na kwa maoni yangu huo ndio mtindo ambao kaunti zetu zingeiga: mtu anatobolewa kidole, anaelezwa namba yake, dozi inarekebishwa, anarudi nyumbani. Kabla ya kuchagua wafarini, uliza hospitali yako, iwe ile ya zamani ya PGH (hospitali ya mkoa) hapa Nakuru, Jaramogi kule Kisumu ambayo wazee bado wanaiita Russia, au ya kaunti ndogo: INR inapimwa siku zipi, na je, vitendanishi, zile kemikali za kupimia, huwa vinaisha?

*Chakula na dawa nyingine.* Hapa wafarini ina mambo mengi. Sukuma wiki, managu, saga, terere, kunde na mrenda zina vitamini K kwa wingi, na vitamini K huvuta INR chini. Wagonjwa wengi huambiwa "usile mboga za kijani", wakatii kwa mwezi mmoja, wakachoka, wakarudia sahani zao, na namba zikaanza kuyumba. Ushauri sahihi ni kula mboga kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na dozi ipangwe kufuata sahani yako. Tatizo ni kwamba shamba halifuati ratiba ya kliniki. Niliwahi kuangalia kadi ya mama mmoja wa Njoro: Februari 2.6, Machi 2.4, Mei 1.5. Hakuwa amekosa kidonge hata kimoja. Mvua ilikuwa imenyesha, managu yamejaa nyuma ya nyumba, na jikoni hapakuwa na kingine. Suala lilikuwa kumpima mapema zaidi mvua ikianza, si kumgombeza.

Kwa dawa nyingine, orodha ni ndefu. Septrin, Flagyl na flukonazoli hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya, na dawa za kifafa kama karbamazepini pia huishusha. Pombe ya kupita kiasi huivuruga pande zote. Dawa za mitishamba sina namna ya kuzipima, hivyo nasema tu: ukianza au ukiacha yoyote, pimwa baada ya siku chache. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama kuliko zingine, ila ukiimeza kwa dozi kubwa siku nyingi mfululizo nayo hupandisha namba.

*Pesa.* Kidonge chenyewe ni cha bei ya chini na hupatikana karibu kila mji. Nauli na kipimo ndivyo vinavyoongeza gharama. Kwa anayeishi Pipeline au Milimani, hapa hapa mjini, si kitu, lakini kwa anayetoka Pokot Magharibi kwenda Eldoret kila mwezi, na mara nyingine na mtu wa kumsindikiza, hesabu inabadilika kabisa. Andika zote kwenye karatasi moja.

*Ukisahau.* Athari yake hudumu siku kadhaa, kwa hiyo kidonge kimoja kilichosahaulika hakikuachi uchi papo hapo. Usimeze viwili kesho yake. Kwa upande mwingine, ukianza leo huchukua karibu siku tano kushika. Na usijifunze dozi kwa rangi: kidonge cha miligramu 5 cha kampuni moja kinaweza kuwa na rangi tofauti na cha kampuni nyingine. Soma namba.

*Damu ikivuja.* Vitamini K huizimua, nayo ni ya bei nafuu, ingawa huchukua saa kadhaa. Hospitali kubwa zinaweza kuongeza plazma, yale majimaji ya damu. Hii ni faida halisi ya wafarini ambayo watu husahau kuitaja.

*Inamfaa nani.* Mwenye valvu ya chuma au valvu ya mitrali iliyobanwa, mwenye figo dhaifu sana, na yule ambaye pesa zake huja kwa msimu lakini maabara anaifikia.

Rivaroksabani na apiksabani

*Kazi yake.* Hizi ndizo dawa mpya. Hufunga moja kwa moja kiungo kimoja cha mnyororo wa kuganda, badala ya kuzunguka kupitia vitamini K. Hufanya kazi ndani ya saa chache. Dabigatrani ni ya kundi hili kwa upana, ila hufunga kiungo kingine. Shirika la Afya Duniani liliingiza kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Katika utafiti wa ARISTOTLE wa mwaka 2011, wenye AF zaidi ya 18,000 waliotumia apiksabani au wafarini walilinganishwa: apiksabani ilipunguza viharusi, ilipunguza uvujaji mkubwa wa damu kwa takriban asilimia 31, na vifo vikapungua kidogo. Rivaroksabani nayo ililingana na wafarini katika kuzuia kiharusi na ikapunguza damu kuvuja kichwani, lakini ilivujisha zaidi tumboni. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo akumbuke tofauti hiyo ndogo.

Mtu mwangalifu atauliza: mbona dawa hizi zishinde ARISTOTLE na zishindwe INVICTUS? Wagonjwa hawakuwa wale wale. ARISTOTLE haikuchukua wenye valvu ya mitrali iliyobanwa kwa kiwango cha kati au kikubwa, wala wenye valvu za chuma. Ndiyo maana narudia eko kila mara.

*Valvu.* Ziwe hazijabanwa na homa ya rumatiki, wala si za chuma. Valvu inayovuja kidogo kwa uzee kwa kawaida si kizuizi.

*Kupima.* Hakuna INR. Ila figo lazima zipimwe kabla ya kuanza, na baadaye angalau mara moja kwa mwaka, kwa wazee zaidi ya hapo, kwa sababu dozi hutegemea figo. Rivaroksabani ya kawaida kwa AF ni miligramu 20 mara moja kwa siku, hushuka hadi 15 figo zikiwa zimepungua nguvu. Apiksabani ni miligramu 5 asubuhi na jioni. Hushuka hadi 2.5 mtu akiwa na mawili kati ya haya matatu: miaka 80 au zaidi, uzito wa kilo 60 au chini, kreatinini (kipimo cha figo) ya mikromoli 133 kwa lita au zaidi. Naona mara nyingi dozi ndogo ikitolewa "kwa usalama" kwa mtu ambaye hana hata moja. Hiyo si tahadhari, ni kumwacha nusu wazi kwa kiharusi huku akilipa bei ile ile.

*Chakula na dawa nyingine.* Managu kula utakavyo. Lakini rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 lazima imezwe pamoja na chakula, la sivyo sehemu yake hupita bila kuingia mwilini. Chakula nasema cha kushiba, si chai ya rangi na kipande cha mkate. Kwa wengi ugali wa jioni ndio wakati wake. Apiksabani haijali tumbo likiwa tupu. Rifampisini huziangusha zote mbili, na kwa aliye kwenye matibabu ya TB kwa kawaida si za kuchagua. Karbamazepini na fenitoini vilevile. Kwa wanaotumia ARV, dolutegraviri haina ugomvi nazo, lakini dawa zinazoongezwa nguvu kwa ritonaviri huzipandisha, na efavirenzi inaweza kuzishusha. Ficha nyingine zote ukitaka, hiyo usimfiche mfamasia. Unaweza kuomba mzungumze pembeni.

*Pesa.* Hapa ndipo wengi hukwama. Kidonge ni ghali mara kadhaa kuliko wafarini, ingawa jenerika, zile za kampuni nyingine zenye kiini kile kile, zimeteremsha bei na zinatofautiana sana duka hadi duka, kwa hiyo piga simu tatu kabla ya kununua. Tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kliniki yako wazi wazi kama dawa hii hulipiwa kwa mgonjwa wa nje au utatoa mfukoni. Kisha jiulize swali gumu zaidi: nitaweza kuinunua Januari, karo ikiwa imelipwa? Wapo wanaonunua vidonge kumi, wanapumzika wiki mbili, wananunua tena kumi. Kwa dawa ya presha hilo ni baya, kwa hii ni hatari ya wazi.

*Ukisahau.* Hutoka mwilini haraka, ndani ya siku moja kinga imeisha. Faida yake ni upasuaji au kung'olewa jino: daktari anaweza kukupangia kusimama kwa muda mfupi tu. Hasara ni yule mwenye tabia ya kusahau. Apiksabani ina nafasi mbili za kusahauliwa kwa siku, rivaroksabani ina moja. Mwenye mjukuu wa kumkumbusha jioni huenda akafurahia ya mara moja.

*Damu ikivuja.* Vitamini K haisaidii. Dawa maalumu za kuzimua zipo duniani, lakini usitarajie kuzikuta kwenye hospitali ya kaunti ndogo usiku. Mara nyingi matibabu ni kusimamisha dawa, kubana panapovuja, kuongeza damu na kusubiri iishe mwilini. Kwa kuwa huisha haraka, kusubiri huko si bure.

*Inamfaa nani.* Mwenye AF bila tatizo hilo la valvu, anayeishi mbali na kipimo cha INR, figo zake zikiwa nzuri, na mwenye pesa ya kila mwezi isiyokatika. Pia yule ambaye INR yake imeyumba mwaka mzima japo ametii kila kitu.

Aspirini

*Kazi yake.* Hulegeza chembe sahani. Kwa aliyepata mshtuko wa moyo au kuwekewa stenti (kibomba cha kupanua mshipa), ni dawa ya kuaminika na mara nyingi hupewa pamoja na klopidogreli, dawa nyingine ya chembe sahani, kwa muda. Kwa AF, ni dhaifu. Utafiti wa AVERROES, wa mwaka 2011 pia, uliilinganisha na apiksabani kwa wagonjwa wapatao 5,600 walioonekana kutofaa wafarini. Apiksabani ilipunguza viharusi kwa zaidi ya nusu, na uvujaji mkubwa wa damu haukutofautiana sana. Kwa hiyo ile hoja ya jirani kwamba aspirini angalau haina madhara haishiki: hatari ya kuvuja inakaribiana, kinga haikaribiani.

*Valvu.* Haitoshi kwa valvu ya chuma ikiwa peke yake, wala kwa mitrali iliyobanwa yenye AF.

*Kupima, chakula, kusahau.* Haina kipimo, mboga haziihusu, na athari yake kwa chembe sahani hudumu siku kadhaa. Imeze kwa chakula kama tumbo lako ni jepesi. Wenye vidonda vya tumbo huenda wakahitaji dawa ya kulinda tumbo.

*Pesa.* Nafuu kuliko zote, na hapo ndipo mvuto wake ulipo.

*Damu ikivuja.* Hakuna cha kuizimua haraka. Mwili hutengeneza chembe sahani mpya taratibu.

*Inamfaa nani.* Mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mzima anayejianzishia kila asubuhi kwa hofu ya damu nzito, bila kupimwa presha wala sukari, kwa kweli anatibu kitu ambacho hajui kama anacho.

Kulingana na hali yako

Una valvu ya chuma, au eko imesema mitrali imebanwa: wafarini, na nguvu zako zote ziende kwenye kutafuta mahali pa INR panapotegemeka. Kama uko mbali, uliza kama hospitali ya karibu inaweza kupima na kupigia simu kliniki yako kwa dozi.

Una miaka 70, presha, AF, valvu nzuri, unaishi ndani ndani ya Siaya au Busia na watoto wanaotuma pesa bila kukosa: apiksabani au rivaroksabani itakupunguzia safari nyingi. Pima figo kwanza.

Hali hiyo hiyo lakini pesa huja miwa ikilipwa: wafarini inayomezwa kila siku ni bora kuliko rivaroksabani inayomezwa nusu ya mwezi.

Unatibiwa TB: mwambie anayekuandikia. Kwa kawaida hubaki wafarini yenye dozi kubwa na vipimo vya karibu, na rifampisini ikiisha dozi lazima ishushwe upya. Wiki zile baada ya kumaliza TB ni za hatari, na mara nyingi hakuna anayemkumbusha mgonjwa.

Wewe ni mwanamke unayeweza kupata mimba: zungumza kabla, si baada. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na dawa mpya hazipendekezwi wakati wa mimba wala kunyonyesha. Kuna sindano za heparini zinazotumika kwa kipindi hicho, na mwenye valvu ya chuma anahitaji mpango wake maalumu. Ukishajifungua, wafarini haizuii kunyonyesha. Ila usiache dawa ghafla siku hedhi imechelewa. Nenda kliniki wiki hiyo hiyo.

Umepata mshtuko wa moyo na huna AF: aspirini na zile daktari alizoambatanisha. Ukiwa navyo vyote viwili, mshtuko na AF, utapewa mchanganyiko kwa muda, kisha mojawapo iondolewe. Uliza tarehe ya kuondoa na uiandike kwenye kadi, kwa sababu nimeona watu wakibaki na zote miaka mingi kwa vile tu hakuna aliyewaambia waache.

Na kama tayari uko kwenye wafarini na mmekubaliana na daktari uhamie dawa mpya, usianze nyumbani kwa kukisia. Wafarini husimamishwa, INR inapimwa, na rivaroksabani huanza ikishuka chini ya 3, apiksabani ikishuka chini ya 2. Vidonge vya wafarini vilivyobaki vilete famasi, visikae kwenye kabati moja na vipya, maana aliyezoea kumeza kidonge fulani kila jioni kwa miaka mitano mkono wake hukifuata bila kufikiri.